Moyo unaruka tangu uache ugali? Anza kwa kuangalia ni saa ngapi

Siku hizi watu wengi hapa Kisumu wameacha ugali, chapati, mandazi na soda, wengine juu ya sukari, wengine juu ya presha, wengine ni tumbo tu, alafu wiki ya kwanza ama ya pili wanakuja kaunta na neno moja: "Daktari, moyo unaruka, nipatie magnesiamu." Mimi si daktari, nauza dawa, lakini mtaani mwenye koti jeupe ni daktari, hiyo tuiwache. Kabla sijashika chupa yoyote nauliza, unaruka saa ngapi? Ukisimama ama ukilala? Kabla ya kula ama baada? Dawa gani umemeza asubuhi? Maana moyo kuruka ni malalamiko moja lenye sababu kibao, na saa ndio inaanza kuzitenganisha, chupa haitenganishi kitu.

Kwanza wale ambao hawafai hata kuendelea kusoma. Kama umezimia ama umekaribia kuzimia, kifua kinabana, pumzi inakatika, moyo uko juu ya 120 ukiwa umekaa tu na hautaki kutulia, inakuanza ukiwa katikati ya mazoezi, ama kwenu kuna mtu alianguka akafa ghafla akiwa bado kijana, enda hospitali leo upigwe ECG, kile kipimo cha nyaya kifuani. Hapa Kisumu kuna hospitali ya rufaa ya JOOTRH, ile bado tunaita Russia, Nakuru kuna ile wazee bado wanaita PGH, na hospitali za kibinafsi nyingi ziko nayo. Supu na chumvi zitangoja.

Shika mshipa kwanza

Vidole viwili, cha shahada na cha kati, weka kwa kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Usitumie gumba lenyewe, liko na mpigo wake litakuchanganya. Hesabu dakika nzima, sekunde 60 kamili, si ile ya sekunde 15 mara nne, juu pigo lililoruka linaweza kukaa nje ya hizo 15 ukasema uko sawa. Mtu mzima aliyekaa ametulia huwa kati ya 60 na 100.

Sasa skiza mpangilio. Kama inaenda vizuri, alafu kuna kimya kidogo, alafu pigo moja kubwa linalokushtua kifuani, hilo ni pigo lililokuja mapema. Ule mshtuko ni juu moyo ulipata nafasi ya kujaa damu zaidi kabla ya pigo linalofuata. Karibu kila mtu huwa nazo, na moyo ukiwa mzima kwa kawaida hazina shida, ila madini yakishuka zinaongezeka. Kama ni mbio lakini mpangilio ni sawa sawa, fikiria maji kupungua, homa, sukari kushuka, chai kali, wasiwasi. Kama ni mbio inayowaka ghafla na kuzima ghafla kama swichi ya stima, hiyo mara nyingi ni njia ya umeme wa moyo wenyewe na hautaimaliza kwa avokado. Na kama haina mpangilio kabisa, huwezi hata kupiga nayo makofi, ECG haraka, juu aina hiyo inaweza kugandisha damu ndani ya moyo na kuleta stroki. Kuna utafiti wa watu karibu 14,000 uliotolewa Marekani 2019 ukaonyesha wanaokula wanga kidogo waliipata hiyo aina zaidi kuliko wanaokula wanga wa wastani. Utafiti wa kufuatilia watu tu hauwezi kusema wanga ndio sababu, lakini si jambo la kucheka.

Kwa nini kuacha wanga kunagusa moyo

Ukipunguza wanga insulini inashuka, na insulini ndio huambia figo zishikilie sodiamu. Ikishuka figo zinamwaga sodiamu na maji yanafuata. Tena ile akiba ya wanga kwa ini na misuli hukaa na maji, kila gramu moja na karibu gramu tatu za maji, kwa hivyo zile kilo unazofurahia wiki ya kwanza nyingi ni mkojo tu, pole. Damu ikipungua maji, moyo unaongeza kasi ili presha isianguke. Mwili nao ukiona sodiamu inaisha unatoa homoni ya kuishikilia, na bei ya hiyo homoni ni kwamba potasiamu inatupwa kwa mkojo. Magnesiamu ikiwa chini, figo zinavuja potasiamu zaidi, unaweza kula potasiamu wiki nzima na bado isipande. Ndio maana shida inaanza kama ya chumvi na inaishia kuwa ya potasiamu, na mtu anayekimbilia magnesiamu peke yake anaanzia mwisho.

Kumbuka pia mkate na krips ulizoacha zilikuwa zinakupa chumvi bila wewe kujua.

Inakuja ukisimama

Unaamka kitandani ama unainuka kwa kiti, giza machoni, moyo mbio, ukikaa inapoa. Kichwa kinauma kuanzia saa nne hivi, umechoka. Hii karibu kila wakati ni chumvi na maji.

Kujipima ni rahisi kama uko na mashine ya presha: lala dakika tano, pima presha na mapigo, simama, pima tena dakika ya kwanza na ya tatu. Ile namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 ama zaidi, ama mapigo yakipanda kwa 30 ama zaidi, damu imepungua maji.

Dawa yake ni supu. Supu ya mifupa, ya samaki, ya kuku wa kienyeji, yenye chumvi unayoiskia mdomoni, kikombe asubuhi na kingine saa kumi jioni. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kiko na sodiamu kama miligramu 2,300, na WHO inasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni karibu hicho kijiko kimoja. Watu wa keto, yaani hii diet ya kuacha wanga karibu wote, huwa wanapita hapo wiki za kwanza na wengi wanaskia nafuu siku hiyo hiyo, lakini hiyo ruhusa si ya mtu mwenye presha, moyo uliochoka ama figo, huyo aongee na kliniki kwanza. Kitu cha kuepuka ni kubugia maji matupu lita tano juu mtu alisema maji yanatoa ketoni, zile mwili hutengeneza ukichoma mafuta: unazidi kuosha sodiamu na unaskia vibaya zaidi. ORS, ile ya kuchanganya na maji mtu akiharisha, pia inafanya kazi. Lita moja ikiwa tayari iko na sodiamu milimoli 75, potasiamu 20, na glukosi gramu 13.5, na watu wa keto wanaikataa juu ya hiyo sukari kidogo huku wanaanguka. Kunywa nusu lita polepole, ketoni zitarudi. Mwenye figo mbaya yeye asiichukue bila kuuliza, juu ya hiyo potasiamu.

Lakini kuna hii, na ndio naona sana kaunta. Mama mmoja anauza samaki, amepunguza mwili vizuri, anashikilia kaunta na mikono miwili.

"Mama, dawa ya presha unameza bado?"

"Zile mbili za zamani, kijana wangu. Si niliambiwa nisiwahi kuacha?"

"Na presha ulipimwa lini mara ya mwisho?"

"Kabla nianze hii maneno ya kuacha ugali."

Akiwa amekaa presha ilikuwa chini kiasi, akisimama ikaanguka kabisa. Moja ya zile mbili ilikuwa ya kukojoza. Sasa hapo figo zinamwaga maji juu ya diet, na kidonge kinaongeza kumwaga, na kidonge hicho hicho kinatoa potasiamu. Hakuwa anahitaji kitu cha kununua kwangu, alihitaji kurudi kliniki siku hiyo wapunguze dawa, na walipotoa ile ya kukojoza akatulia. Usiache dawa ya presha mwenyewe, lakini pia usianze keto ukiwa unameza hydrochlorothiazide, furosemide ama dawa nyingine yoyote ya presha bila kumwambia aliyekuandikia. Majina nayaandika vile yako kwa pakiti ndio ulinganishe.

Inakuja usiku ukilala, na misuli ya mguu inakaza

Pigo la kuruka na kushtua, zaidi ukilalia upande wa kushoto (hapo moyo unakaribia ukuta wa kifua, kwa hivyo hata mapigo ya kawaida unayaskia), misuli ya nyuma ya mguu inakaza usiku, jicho linachezacheza, choo kigumu, miguu mizito kupanda ngazi. Hapa fikiria potasiamu na magnesiamu, lakini uliza kwanza kama chumvi umeirekebisha, maana bila sodiamu potasiamu itaendelea kutoka.

Anza na sahani. Angalia vile tunapika managu: yanachemshwa, yale maji ya kijani yanamwagwa juu ni machungu, wengine wanachemsha mara ya pili na kumwaga tena, alafu maziwa yanaingia. Ile kijani unamwaga kwa sinki imebeba potasiamu nyingi ya mboga. Kama uchungu unakushinda, changanya na terere ama mrenda, upike kwa maji kidogo na usimwage. Avokado ni rafiki yako mkubwa, gramu 100 ziko na potasiamu kama miligramu 485, kuliko hata ndizi, na wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi. Samaki fresh wa ziwa naye anachangia. Magnesiamu iko kwa mbegu za malenge, kiganja cha gramu 30 kinakupa zaidi ya miligramu 150, na njugu kidogo pia, ila njugu usile kama sinema, wanga unajificha humo. Watu wa upande wa Kakamega na Vihiga wako na musherekha, yale maji yanachujwa kwa jivu la maganda ya maharagwe, na ndani kuna potasiamu kweli, lakini hakuna mtu anajua kikombe kiko na ngapi, kwa hivyo ilainishe mboga tu, usiinywe kama dawa, na mwenye figo mbaya akae mbali nayo.

Vidonge vya magnesiamu, sawa, vinaweza kusaidia. Kwa viambajengo angalia aina: oksaidi ni bei nafuu lakini inaingia kidogo kwa damu na inaharisha, na kuharisha kunatoa potasiamu, umerudi pale pale. Sitreti ama glisineti ni laini zaidi. Marekani kiwango cha juu kutoka kwa vidonge ni miligramu 350 kwa siku. Ikiwa unameza doxycycline ama ciprofloxacin tenganisha masaa kadhaa juu magnesiamu inashika dawa tumboni isiingie. Na kama umekuwa kwa omeprazole miezi na miezi juu ya asidi, hiyo yenyewe inaweza kushusha magnesiamu, na huwezi kuijaza vizuri ukiendelea kuimeza, kwa hivyo uliza kama bado unaihitaji.

Vidonge vya potasiamu hapana. Hapa ndio mimi hukasirikiwa na wateja na sijali. Potasiamu ya damu inafaa kuwa kama 3.5 hadi 5.0, nafasi ni ndogo sana, na ikizidi moyo unaweza kusimama bila kukupa notisi. Ukiwa unameza dawa za presha kama losartan, enalapril ama spironolactone, ama figo zimeanza kuchoka juu ya sukari, potasiamu yako tayari inapenda kubaki juu. Ile chumvi ya supamaketi iliyoandikwa sodiamu kidogo, soma nyuma, nyingi zimetiwa potasiamu kloraidi, kwa hivyo ni kidonge cha potasiamu kimevaa nguo za jikoni. Chakula kwa mtu mwenye figo nzuri ni sawa, ya kumeza iandikwe baada ya kupimwa damu.

Inakuja saa ya njaa, na jasho na kutetemeka

Kama unatumia dawa ya sukari kama insulini ama glibenclamide hii si madini, ni sukari imeanguka. Diet imeshusha sukari na dawa bado inasukuma chini. Pima na glukomita. Chini ya 3.9 chukua sukari, vijiko vitatu vya chai kwa maji, pima tena baada ya dakika 15. Usiniambie ati itakutoa kwa ketosisi. Alafu siku hiyo hiyo upige simu kliniki dozi ipunguzwe, kwa kweli ilifaa ipunguzwe kabla uanze.

Kuna kinyume chake ambacho kinadanganya watu. Dapagliflozin na empagliflozin, dawa za sukari zinazotoa sukari kwa mkojo, zikikutana na keto zinaweza kuleta asidi ya ketoni kwa damu huku glukomita inaonyesha namba si mbaya sana. Marekani walitoa onyo juu ya hii 2015. Kutapika, tumbo kuuma, pumzi nzito ya haraka, moyo mbio, hiyo ni hospitali hata kama glukomita inasema 11.

Umemeza dawa ya malaria ukiwa kwa diet

Huku kwetu karibu na ziwa hii si ya kupita. AL, ile ya malaria ya kawaida, inaweza kurefusha muda ambao moyo unachukua kujipanga kati ya pigo na pigo, na maelezo yake yanaonya kuhusu mtu ambaye potasiamu ama magnesiamu iko chini. Kwa mtu wa kawaida si shida. Lakini fikiria mtu yuko wiki ya pili bila wanga, ameharisha, ametapika, anameza dawa ya kukojoza, alafu anapewa AL, na mtu mwingine anamuongezea erythromycin ya kifua ama fluconazole ya fangasi, ambazo nazo zinarefusha ule muda. Hapo ndio mambo yanaweza kwenda vibaya kweli.

Simaanishi uache dawa ya malaria, malaria itakuua kwanza. Namaanisha pimwa kweli kama ni malaria, sema kaunta unakula nini na unameza nini kingine, na hizo siku tatu za dozi achana na keto kabisa, kunywa uji, kula ndizi, kula matoke, mwili upate chumvi na potasiamu yake. AL inaingia vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta, hapo watu wa keto mko mbele. Homa nayo yenyewe inapandisha mapigo, kwa hivyo mbio wakati una joto haishangazi, kuruka bila mpangilio ama kuzimia ndio kunashangaza.

Inakuja baada ya kuvunja kufunga

Mtu amefunga siku nyingi kwa maombi, maji tu, alafu siku ya kufungua anakula sahani ya pilau, chapati na soda kubwa. Insulini inapanda ghafla na inasukuma potasiamu, magnesiamu na fosfeti kutoka kwa damu ziingie kwa seli, na moyo unabaki bila. Ukipita siku tano bila chakula cha maana, rudi polepole na vikombe vidogo, na kama ulikuwa mwembamba, mlevi ama mgonjwa kabla ya kufunga, fungulia mahali kuna mtu wa kukupima damu. Marekani miaka ya 1970 watu walipunguza mwili kwa kunywa protini ya maji peke yake, wengi walikuwa bado vijana, na kadhaa walikufa moyo ukipoteza mpangilio. Njaa inayofanana na diet si diet.

Zingine za haraka

Salbutamol ya kupuliza, ile ya pumu, inaongeza mapigo na kushusha potasiamu kidogo. Strungi tatu kabla ya saa nne, vinywaji vya nguvu, miraa na muguka, hizo unajua mwenyewe. Chai za kupunguza tumbo nyingi ziko na sena, zinaharisha, potasiamu inaenda nazo. Pombe wikendi inatoa magnesiamu na inaweza kuvuruga mpangilio hata kwa moyo mzuri. Ukosefu wa damu, hasa akina mama wenye hedhi nzito. Tezi ya shingo: mapigo ya juu hata ukilala, jasho, mikono inatetemeka, kilo zinashuka na unafikiri ni keto inafanya kazi. Na hii chumvi ya rangi ya waridi ya bei kali, mara nyingi haijatiwa madini joto, ile ya kawaida ya duka la Kenya imetiwa, sioni mnalipia nini.

Kipimo gani uombe

Omba UECs, itakupa sodiamu, potasiamu na hali ya figo. Magnesiamu haiko humo, iombe peke yake, na ujue chini ya asilimia moja ya magnesiamu ya mwili iko kwa damu, kwa hivyo jibu zuri halimaanishi uko nayo ya kutosha, jibu baya linamaanisha kweli iko chini. Potasiamu ikirudi juu bila sababu, uliza kama damu ilikaa sana kabla ya kupimwa ama ilivutwa kwa nguvu na sindano ndogo, seli zikipasuka zinamwaga potasiamu kwa chupa na majibu yanadanganya. Rudia kabla ya kuogopa, lakini rudia leo. ECG ikifanywa wakati moyo umetulia inaweza kuwa safi na shida bado iko, hapo kuna mashine ya kuvaa masaa 24. Beba karatasi yenye saa ilianza, ulikuwa unafanya nini, ulikula nini, mapigo yalikuwa ngapi, na pakiti zote za dawa, hata za kienyeji.

Na kama umerekebisha chumvi, umekula mboga bila kumwaga maji, dawa zimeangaliwa, vipimo viko sawa, na bado wiki mbili baadaye moyo unaruka, rudisha wanga kidogo. Kipande cha nduma ama ngwaci ya kuchemsha jioni kinakuletea potasiamu pia, na wengi hiyo peke yake inawatuliza na kilo bado zinaendelea kushuka, polepole tu. Isipotulia hata hapo, shida si sahani, muone daktari wa moyo.